Fungu la Upepo

Chembe zilikuwa tupu. Mhakiki Mihayo Igangula aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akafuta jicho lake kwa kitambaa safi, kisha akainama kutazama tena, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuhukumu kwa mtazamo mmoja. Zilibaki vilevile: chavua ya uwele, mamia ya chembe, kila moja na kitundu chake kimoja chenye ukingo, na kila moja imebonyea kama mpira uliotoka pumzi.

Juu ya kichwa chake Pua ilivuma. Ndilo jina ambalo watu waliupa mlingoti ule wa chuma uliosimikwa juu ya kilima cha mawe cha Mwinhala, kama ilivyosimikwa mingine katika kila kata ya nchi ile kavu. Kichwa chake kilikuwa kama debe lililotobolewa, kilichojigeuza kuelekea upepo na kuvuta hewa mchana na usiku. Ndani, utepe wenye gundi ulipita polepole ukinasa kila kilichoelea, na jicho la mashine likatenganisha vumbi na chavua, nyasi na miti, kisha hesabu ikapelekwa Mamlaka ya Hewa. Nchi ilikuwa imeacha kuwauliza watu kama ardhi yao inaishi. Iliuliza hewa.

"Kaka Kiranja," alisema mtendaji wa kata, Nyemo Mwaluko, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe akijipepea kwa kofia. "Ukinyamaza hivyo nakumbuka bweni. Nakuona umesimama mlangoni unahesabu vitanda."

"Na chako kilikuwa kitupu mara nyingi."

"Jikoni kulikuwa na ukoko. Mtoto wa Kigogo aupishe ukoko kwa sababu ya kengele?"

Mihayo hakucheka. Alikuwa karibu kustaafu, na bado alivaa soksi ndefu zilizokunjwa sawasawa chini ya magoti, kama alivyofundishwa. "Njoo utazame."

Mtendaji aliinamia hadubini. "Naona mipira."

"Nimeidondoshea iodini. Chavua iliyo hai imejaa wanga, na iodini huigeuza nyeusi. Tena chavua ya nafaka haina maisha marefu; ikitoka kwenye suke asubuhi, jioni imekufa. Hizi hazikushika rangi hata moja. Sasa tazama pembeni mwa chembe, yale madoa."

"Uchafu."

"Masizi. Uwele huu haukutoka shambani, Nyemo. Ulikuwa umening'inia juu ya meko ya mtu."

Mtendaji aliivaa kofia yake, akaivua tena. Chini ya kilima nyumba za tembe zilikuwa zimejilaza juu ya ardhi nyekundu isiyo na hata bua moja. Mvua ilikuwa imekosekana mwaka wa tatu sasa. Hata hivyo Pua ya Mwinhala iliendelea kusema kwamba kuna mashamba ya uwele yanayochanua, na mashine kule makao makuu, iliposhindwa kuamua, ilimwita mwanadamu. Msimu wa kupima ungefungwa keshokutwa, na hukumu ya kata, hai au mfu, ingesimama mwaka mzima.

"Nani anafanya hivi?" aliuliza Mihayo.

"Kesho asubuhi utaona mwenyewe. Mimi nikisema nitakuwa shahidi, na shahidi hufukuzwa kazi pande zote mbili."

*

Walipanda kilima jua likichomoza, wanawake wa nyumba zote, kila mmoja na ungo wake na mafungu ya masuke meusi kwa moshi. Masuke ya mbegu yalihifadhiwa darini juu ya meko ili moshi uyalinde na wadudu. Hakuna aliyeyagusa kwa chakula hata katika njaa za kale. Mbele yao alitembea mwanamke mrefu mwenye kiko kisicho na tumbaku mdomoni. Alisimama ukingoni mwa mwamba, akaangalia upepo unakotoka, akaanza kupukuchua suke kati ya viganja vyake. Wengine wakafuata. Hapakuwa na ngoma wala wimbo. Palikuwa na msuguo wa viganja tu, na makapi yaliyonyanyuka kama moshi mwembamba na kwenda moja kwa moja kwenye tundu la Pua.

Mihayo alielewa kosa lilipoanzia. Mafundi wa Mamlaka walitafuta mahali ambapo upepo haukosekani, na mabibi wa Mwinhala walikuwa wameshapapata zamani.

Punje zilidondoka juu ya mwamba zikatawanyika. Mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni alizitazama kwa muda mrefu. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba, iking'aa, na nywele zake zimegeuka rangi ya kutu. Mama yule hakuinama kuokota hata punje moja.

Walipomaliza, mwanamke wa kiko alimwendea mgeni.

"Mbukwa."

"Mbukwa, mama."

"Umejibu kama mtu aliyemeza jiwe. Wewe si wa huku. Ni wa wapi?"

"Mnyamwezi. Wa Urambo."

Wanawake walicheka, na uso wa yule mwanamke ukafunguka. "Kumbe mtani. Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu vichwani, wakaomba maji, wakatuachia chawa."

"Nanyi mkawatoza hongo kwa kukanyaga miiba yenu," alisema Mihayo. "Chawa walikuwa chenji."

"Haya, huyu ni mtani kweli. Mimi ni Sechelela. Huyu mwenye mtoto ni binti yangu, Nyendo. Msalimie vizuri, hajaolewa na Mnyamwezi, Mungu amemnusuru."

Mihayo alingoja kicheko kiishe. "Mama Sechelela, jambo hili mnalifanya tangu lini?"

"Tangu kuwepo kwa upepo. Zamani ilikuwa siku moja tu, kabla ya kupanda, kila nyumba suke moja. Hilo ni fungu la upepo. Upepo ndio unaokwenda kuyaita mawingu, na wewe humtumi mtu mbali akiwa na njaa. Mvua ilipokosekana mara ya kwanza tuliongeza. Ilipokosekana tena tukaongeza tena. Sasa tunatoa kila asubuhi."

"Na mbegu zikiisha?"

"Tutakuwa tumetoa zote. Hakuna atakayesema tulificha."

Mihayo alinyoosha kidole kuelekea kichwa cha Pua, kilichokuwa kikijigeuza polepole. "Kile kinavuta mnachotoa. Vumbi la masuke yale lina chavua, na chombo hakijui kama imetoka shambani au darini. Kimekuwa kikiiambia Mamlaka kwamba Mwinhala kuna mashamba."

"Kinasema tuna mashamba."

"Ndiyo. Na kata iliyo hai hupewa maji ya bomba, haipewi chakula. Chakula ni cha kata zilizokufa."

Sechelela alikitoa kiko mdomoni. Nyuma yake Nyendo alikuwa amesikia. Mikono yake iliinuka yenyewe ikaishika miguu ya mtoto.

"Kwa hiyo malori hayakuchelewa," alisema Sechelela.

"Hayakutumwa."

Alimtazama mjukuu wake, kisha makapi yaliyoganda kwenye mikono yake mwenyewe. Aliyapangusa kwenye kanga taratibu, kidole kimoja kimoja, akashuka kilima bila kuaga.

*

Katika ofisi ya kata Nyemo Mwaluko alitembea huku na huku mpaka Mihayo akamwamuru aketi.

"Nikae vipi? Nieleze tena, pengine nilisikia vibaya."

"Ulisikia vizuri. Nikithibitisha kuwa kata ni hai, mtabaki hapa mwaka mwingine bila chakula. Nikiandika kwamba chavua haikutoka kwenye mmea unaoota, huo ni udanganyifu wa kata nzima. Bomba linafungwa, watu wanahamishwa, na hawapewi chakula, usafiri wala ardhi."

"Lakini ile ni ibada. Wanaomba mvua. Andika ibada."

"Sheria haina neno hilo."

"Sheria ina neno nia, haina? Sheria zote zina nia."

Mihayo alikunja mikono yake juu ya meza. Rasimu ya kwanza ya sheria ilikuwa na neno hilo. Lakini zilitokea kata zilizonunua chavua kwa magunia na kuipeperusha, na kila moja ikaapa kwamba haikuwa na nia mbaya. Katika kikao cha Mamlaka aliyesimama na kudai neno nia lifutwe alikuwa yeye. Sheria isiyochungulia moyo haihongeki, alisema siku ile, na maneno yake yakaandikwa ukutani kule makao makuu. Alikuwa akipita chini yake kila asubuhi, na kila asubuhi mgongo wake ulinyooka kidogo.

"Nililifuta mimi," alisema.

Mtendaji aliketi hatimaye. "Basi sema chombo kimeharibika."

"Pua hujipima yenyewe kila saa. Haikubali kusingiziwa."

"Kaka Mihayo, hawa wakiondoka bila malori watatembea hadi barabara kuu. Yule mtoto wa Nyendo hatafika. Na si yeye peke yake."

Mlango ulisukumwa. Sechelela aliingia bila kubisha, akavuta kiti akaketi kati yao.

"Dirisha lenu halina kioo," alisema. "Nimesikia yote. Sasa niulize. Kama aliyedanganya ni mtu mmoja?"

Mihayo alimgeukia. "Kipo kifungu hicho. Mtu akikiri hadharani kwamba alifanya kwa hila yake, na wengine hawakujua, anafungwa yeye. Kata inahesabiwa mfu, na inapata haki zake zote: chakula mara moja, malori, na mashamba kule kusini."

"Basi ni mimi."

"Si kweli."

"Sikukuuliza kama ni kweli."

"Mama Sechelela, sikiliza kabla ya kusema. Utasimama chini ya Pua mbele ya watu wote, na sauti yako itarekodiwa. Utatakiwa kusema kwamba haikuwa ibada. Kwamba ulijua chombo kinanusa, ukaitumia imani yao ili bomba lisifungwe."

Mwanamke yule alikigeuza kiko kitupu mapajani. Kwa mara ya kwanza Mihayo aliona jinsi njaa ilivyokuwa imemla mashavu.

"Kifungo ni chepesi," alisema hatimaye. "Hilo la pili ndilo zito. Mama yangu alipanda kile kilima, na mama yake. Watasema mvua ilikataa kwa sababu ya mdomo wangu. Nyendo atasema hivyo, na mjukuu wangu atafundishwa hivyo, akiishi."

"Na mimi lazima nishuhudie kwamba nimeridhika na ukweli wa maneno yako. Sijawahi kushuhudia jambo ninalojua ni uongo. Tangu shule, hata kwa kumwokoa rafiki."

"Hilo ni kweli," alisema Nyemo kwa uchungu. "Viboko vyake nilivila mimi."

"Hongera," Sechelela alimwambia Mihayo. "Umefika uzee ukiwa safi. Sasa nisikilize, mtani. Kwetu mtu akifa, ndugu zake hawashiki jembe. Mikono yao imekufa ganzi. Mtani ndiye anayechimba. Anatukana, anadai pombe, lakini anachimba, na hakuna anayemuuliza kama mikono yake itachafuka. Kata hii imekufa. Wewe mwenyewe umeiona kwenye kioo chako. Mimi nitalala shimoni. Wewe chimba."

"Unaniomba niapie uongo."

"Nakuomba uzike."

Mihayo alisimama akaenda dirishani. Alitafuta katika maisha yake yote kanuni ambayo ingemruhusu kuondoka pale akiwa mtu yuleyule aliyekuja. Hakuipata. Ukweli wake ungewaua watoto kando ya barabara, na ungekuwa ukweli mkamilifu, usio na doa. Nje, mtu alikuwa akichota maji kwenye bomba, na maji yalikuwa mengi na safi, na hapakuwa na cha kupika.

"Kesho saa tatu," alisema bila kugeuka.

*

Walikusanyika juu ya kilima, wanaume nao safari hii. Mihayo aliweka kinasa sauti juu ya jiwe. Aliiona gundi ya utepe mpya ikimetameta ndani ya Pua, tayari kunasa chochote ambacho kingeinuka.

Sechelela alisema kwa Kiswahili, kwa kuwa chombo hakikujua Kigogo. Hakulia wala hakujikwaa. Alisema kwamba alijua tangu mwanzo kuwa mlingoti unanusa. Alisema hapakuwa na fungu la upepo la kila siku katika desturi ya mababu, aliliongeza yeye. Alisema aliwaongoza wenzake kama mtu anavyoongoza mbuzi, ili bomba libaki wazi na nyumba yake isihamishwe.

Kisha Nyendo alijitokeza mbele, mtoto mgongoni.

"Mama. Na lile suke la baba?"

Mihayo hakujua ni suke gani, lakini wote wengine walijua. Lilikuwa la mavuno ya mwisho ambayo marehemu mume wa Sechelela aliyavuna kwa mkono wake, na lilikuwa limening'inia darini peke yake mpaka wiki ile.

"Hata lile," alisema Sechelela.

"Ulilipukuchua ukijua?"

"Nilijua."

"Ulikuwa unalia siku ile. Mimi nilikuona."

Sechelela alivuta pumzi. Mihayo, aliyesimama karibu, alitazama kinasa sauti. Neno moja la huruma sasa, jibu moja la mama kwa mwanawe, na kinasa sauti kingelihifadhi, na mashine ingeuliza.

"Ilikuwa moshi," alisema.

Nyendo aligeuka akashuka. Mwanamke aliyesimama nyuma yake akageuza mgongo, na wa pili, na wa tatu, mpaka kilima kizima kikawa migongo. Hakuna aliyerusha jiwe. Mzee mmoja tu alitema mate juu ya punje zilizokuwa bado zimetawanyika mwambani, na kwa Kigogo akasema jambo ambalo Nyemo Mwaluko hakukubali kulitafsiri.

"Mhakiki," kilisema kinasa sauti kwa sauti yake isiyo ya mwanamume wala mwanamke. "Je, umeridhika kwamba maneno haya ni kweli?"

Mihayo Igangula aliweka kidole gumba kwenye kioo cha kinasa sauti.

"Nimeridhika."

*

Kesho yake walikutana na malori barabarani, yakienda Mwinhala na mizigo ya unga, na nyuma yake mengine matupu ya kubebea watu. Mihayo alilisogeza gari pembeni kuyapisha. Nyuma ya yale matupu lilikuja moja lililobeba mabunda ya waya wa kuzungushia kata. Kata iliyotangazwa mfu hairudiwi.

Sechelela, aliyeketi kando yake na pingu mikononi kama sheria inavyotaka, aliyatazama mpaka vumbi likatulia.

"Unga wa nini?" aliuliza.

"Mahindi."

"Mbaya. Lakini mtoto atakula."

Waliendelea. Nchi ilipita pande zote mbili, nyekundu, imechanika. Mihayo alisema jambo alilokuwa akilibeba tangu kilimani. "Wakishapewa ardhi, wakishatulia, nitakwenda nimwambie Nyendo. Peke yake."

"Hutakwenda."

"Ni haki yake."

"Nyendo hawezi kukaa na jambo. Atamwambia jirani kwa furaha, jirani atasema kisimani, na watu wako watakuja kuwanyang'anya ardhi. Utakaa nalo. Nami nakaa na langu." Alijigeuza ili pingu zisimbane. "Kesi ni lini?"

"Mwezi ujao. Nitaitwa kutoa ushahidi."

"Watakuuliza nini?"

"Kama wewe ni mwongo."

"Nawe utasemaje?"

Mihayo alishika usukani kwa mikono miwili. "Nitasema ndiyo."

"Sema sasa, nisikie."

"Mama Sechelela, haifai."

"Umenitukana juzi kuhusu chawa, ukaona inafaa. Sema. Sauti yako si ya mtu wa kudanganya. Yule wa kwenye mashine ataisikia, na mwanangu atatupwa barabarani. Sema."

"Wewe ni mwongo," alisema Mihayo.

"Umesema kama mtu anayeomba radhi. Tena."

"Wewe ni mwongo, Sechelela."

"Bado ina huruma. Umewahi kuwa kiranja, niambie kama ulivyowaambia wale waliotoroka bweni. Tena."

Barabara ilikuwa ndefu na haikuwa na kona. Alisema tena, naye akamkosoa. Akasema tena, naye akatikisa kichwa. Walipofika kwenye lami sauti yake ilikuwa imekauka, na neno likatoka tambarare, gumu, safi, kama alivyozoea kutamka kila jambo la kweli alilowahi kulisema maishani.

Sechelela aliegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho.

"Hiyo," alisema. "Hiyo ishike."